Je, wajua kwa nini rekodi za panki husikika kama zimepigwa ndani ya pipa?

Panki ninayoizungumzia si ile ya nywele, ingawa ni ndugu wa damu. Ni muziki wa gitaa wa chini kwa chini, pamoja na mdogo wake mkali zaidi, hadikoo (hardcore). Ukiusikia mara ya kwanza unaweza kudhani spika imepasuka: gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji, ngoma na besi zinapigana vikumbo, mwimbaji anafoka utadhani yuko chumba cha pili. Wengi hujibu upesi kwamba bendi hazikuwa na pesa. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu ya jibu.

Mkwaruzo wa gitaa kwanza ni wa makusudi. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake hushindwa kulifuata wimbi la sauti hadi kileleni, hivyo hulikata kichwa. Wimbi lililoingia na mgongo wa mviringo hutoka bapa, na ubapa huo huzaa sauti za juu ambazo nyuzi zenyewe hazikuzitoa. Sikio huzipokea kama mngurumo. Kanda ya sumaku ikilishwa sauti kupita kiasi hufanya vivyo hivyo, ila kwa upole kidogo.

Siri kubwa zaidi iko chumbani. Penye fedha na muda, kila chombo huweza kurekodiwa peke yake, hata siku tofauti, kisha fundi akaviunganisha. Bendi nyingi za panki zilisimama pamoja na kupiga kwa mkupuo mmoja. Hapo maikrofoni ya ngoma hudaka pia gitaa lililo hatua tatu pembeni, sauti huvuja. Mpiga gitaa akikosea, kosa lake limeshaingia kwenye ngoma. Futa gitaa lote ukitaka, mzuka wake bado utausikia nyuma ya matoazi. Ama wote warudie wimbo mzima, ama kosa libaki. Na studio inalipiwa kwa saa. Basi likabaki.

Wengine hata hawakulificha. Buzzcocks wa Manchester, Uingereza, walirekodi santuri yao ya nyimbo nne, Spiral Scratch, Desemba 1976 kwa pauni 500 za kukopa, wakaitoa wenyewe mwezi uliofuata. Jaladani waliandika kila wimbo ulipatikana kwenye jaribio la ngapi. Nyimbo tatu kati ya nne: jaribio la kwanza. Nani mwingine hutangaza haraka yake hadharani namna hiyo?

Huko Washington, Marekani, vijana wa Teen Idles walivunja bendi yao mwaka 1980 wakiwa na dola 600 na ushei, akiba ya maonyesho yao. Hawakugawana. Walizitumia kutoa santuri ya nyimbo walizokuwa wamerekodi Inner Ear, studio iliyokuwa chini ya nyumba ya fundi Don Zientara, Arlington, na hivyo ndivyo lebo ya Dischord ilivyozaliwa. Kwa kuwa hawakujua jalada hutengenezwaje, walibandua la santuri nyingine wakaona lilivyokunjwa, wakachora kiolezo, kisha wakakata, kukunja na kugundisha nakala 1,000 kwa mikono. Mimi huona jalada lile na sauti ile ni kazi ya aina moja: alama za vidole hazikufutwa.

Kuna wasemao bendi hizi zilirekodi hivyo kwa sababu hazikujua kupiga. Wawasikilize Bad Brains, wanamuziki weusi wa Washington hiyohiyo, walioanza na jazi ya kuchanganya mitindo (fusion) kabla ya kuhamia panki. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1982 kwenye kaseti. Kasi yake inatisha, lakini wote wanne wanatua mahali pamoja kama mlango unaofungwa kwa kishindo. Sauti ni chafu, mikono ni safi.

Siku hizi kuna programu za kuongeza uchafu huo kwa kubofya, na mkwaruzo wa amplifaya zinauiga vizuri sana. Uvujaji ndio mgumu, kwa sababu unahitaji watu kuwa chumba kimoja. Siku nyingine sikiliza zile sekunde mbili kabla ya wimbo kuanza: amplifaya inavuma, mtu anakohoa, vijiti vinagongwa mara nne, na tayari nyuzi za chuma za ngoma ndogo zinatetemeka zenyewe kwa sababu ya besi iliyo kando yake.