Haidrojeni si mtoto wa maji

Haidrojeni ni gesi. Ndiyo nyepesi kuliko gesi zote, haina rangi wala harufu, na ikiwashwa penye hewa inaungana na oksijeni, inatoa joto, na kinachobaki ni mvuke wa maji. Maana imekwisha hapo, na mwanafunzi wangu akiandika hivyo kwenye mtihani nampa alama zote.

Lililonikalisha chini ni maneno niliyoyasikia Malaba, nikayasikia tena Naluwerere wanakolala madereva, na wiki iliyopita nikayasikia uani kwangu hapa Tororo kutoka kwa shemeji yangu, mwenye trela: "Shemeji, siku hizi lori langu linatumia maji. Wamenifungia haidrojeni."

Sentensi mbili, makosa mawili. Lori halitumii maji. Na walichomfungia si haidrojeni, au tuseme si haidrojeni peke yake.

Aliponifunulia niliona sahani za chuma cha pua zimepangwa kama slaisi za mkate, kati ya kila mbili kuna mpira mweusi wa kuzuia mvujo, zote zimebanwa kwa nati ndefu nne. Pembeni kuna chupa ya plastiki yenye maji yaliyotiwa kostiki soda. Waya mnene unatoka kwenye betri. Mpira mwembamba, ule unaoonyesha ndani, umetobolewa njia kwenye bomba la hewa, mbele ya chujio. Injini ikiwaka, maji yanachemka povu jeupe ingawa si ya moto sana.

Ili kunimaliza kabisa, alichomoa ule mpira, akauchovya kwenye beseni la maji ya sabuni mpaka likajaa mapovu, akasogeza kibiriti kwa mkono mrefu. Pa! Kuku wa jirani wakatawanyika, watoto wakapiga vigelegele. "Umeona nguvu hiyo?"

Niliona, na ule mlio ndio ulionipa ushahidi. Povu la haidrojeni tupu likiwashwa huwaka kwa ulimi wa moto wa taratibu, kwa kuwa linangoja oksijeni ya nje. Povu linalopasuka kama risasi lina oksijeni yake ndani tayari. Ndivyo kifaa kile kinavyofanya kazi: umeme unayavunja maji, sahani moja inatoa haidrojeni, ya pili oksijeni, na zote mbili zinaingia mpira mmoja, mbili kwa moja. Mafundi wanaiita HHO, au gesi ya Brown, kwa jina la Yull Brown, Mbulgaria aliyehamia Australia. Hakuna molekuli iitwayo HHO. Ni mchanganyiko tu, na kuuita haidrojeni ni sawa na kuiita rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, "mayai". Mayai yamo, lakini chapati je?

Na tofauti hii si ya kuringishia kamusi. Ndani ya mtungi wa gesi ya kupikia hakuna oksijeni, ndiyo maana moto unabaki kwenye jiko. Ndani ya mpira wa shemeji oksijeni imo tayari, na moto hauhitaji hewa ya nje. Cheche ikipata njia, inarudi kwa kasi mpaka kwenye chupa. Kwa hiyo kuna chupa ya pili ya maji ya kuukata moto njiani, nayo kwenye lori lile ilikuwa imekauka.

Sasa turudi kwenye jina, maana hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo.

Henry Cavendish wa Uingereza alipoitambua gesi hii mwaka 1766 aliiita tu hewa iwakayo. Lingebaki jina hilo tungeepuka kelele nyingi. Lakini mwaka 1783 Mfaransa Antoine Lavoisier aliichoma pamoja na oksijeni, akapata maji. Watu walikuwa wameamini tangu enzi za Wagiriki kwamba maji ni kitu kimoja kisichogawanyika, na sasa mtu ameyatengeneza kutokana na hewa mbili! Mwaka 1787 yeye na wenzake watatu walipotoa orodha mpya ya majina ya kemia, gesi hiyo ikapata jina kutokana na kazi yake. Hydor ni maji kwa Kigiriki, ndilo hilohilo lililo kwenye jeki ya haidroliki. Genes linatokana na kuzaa, la ukoo mmoja na neno jenereta. Haidrojeni: mzaa maji. Gesi ndiyo mama, maji ndiyo mtoto.

Shemeji na fundi wake wanaligeuza. Wao wanasikia "iliyozaliwa na maji", wanahitimisha kwamba maji ni kisima cha mafuta, kilichobaki ni kuchota.

Lazima niseme ukweli hapa kabla hajaja mtu na kitabu chake. Kigiriki chenyewe kinamtetea shemeji. Jina Diogenes maana yake ni aliyezaliwa na Zeus, wala halimaanishi aliyemzaa Zeus. Kwa mtindo huo, haidrojeni ingesomeka mzaliwa wa maji, vilevile kama wanavyoisoma Malaba. Lavoisier alilipinda neno likamfuata yeye. Si mara yake ya pekee: oksijeni aliiita mzaa asidi, akidhani hakuna asidi isiyo na oksijeni, ilhali asidi iliyomo tumboni mwako sasa hivi haina hata chembe yake. Jina limebaki na kosa lake hadi leo. (Alikatwa kichwa mwaka 1794, lakini kwa ukusanyaji wa kodi, si kwa Kigiriki kibovu.) Wajerumani walikuwa na akili: haidrojeni waliiita Wasserstoff, kitu cha maji, wakaacha mambo ya nani kamzaa nani. Nasi kwa bahati Kiswahili hakituachii utata. Mzaa ni mzaa, mzaliwa ni mzaliwa, na haidrojeni ni mzaa maji.

Kwa nini ning'ang'anie nani mama, nani mtoto? Kwa sababu kuzaa kwenyewe ni kuungua. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Maji ni majivu. Ukitaka kuyarudisha majivu yawe kuni, utalipa kwanza joto lote lililotoka kuni zilipoungua, na zaidi, kwa kuwa hakuna mashine isiyopoteza njiani. Kwa hiyo haidrojeni ya kutengenezwa kwa maji ni kibebaji cha nishati. Inabeba kilichopakiwa, kama lori lenyewe. Dizeli ni chanzo, inatoka ardhini ikiwa imeshapakiwa.

Uganda tunaliona hili kwa macho. Nile inatoka ziwani pale Jinja na kuporomoka Nalubaale, bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, kisha Bujagali, Isimba, Karuma, na kila mahali inatoa umeme kwa kuwa inashuka. Sijasikia mtu akipendekeza umeme wa Nalubaale utumike kuyapandisha maji yaleyale ziwani ili yashuke tena tupate umeme mwingi zaidi. Lakini hilohilo likiwekwa chini ya boneti, watu wanatoa laki tisa.

Tupige hesabu ya lori. Kifaa kizuri kinatoa kama lita 2 za gesi kwa dakika. Kwenye mfumo wa volti 24 kinavuta umeme wa wati 450 hivi, na gesi hiyo ikiungua joto lake ni wati 230 hivi. Trela lenye mzigo, linalokunywa lita 35 kwa kilomita 100 katika mwendo wa 80, linachoma dizeli yenye joto la kilowati 280. Gesi basi haifiki hata sehemu moja kwa elfu. Na umeme huo unatoka kwenye alteneta, ambayo inazungushwa na mkanda, ambao unavutwa na injini, ambayo inakula dizeli. Ukihesabu upotevu wa alteneta na wa injini, injini inatoa wati kama 750 kuzungusha, na inarudishiwa kazi ya wati 90. Benki inayokupa riba ya namna hiyo ungeihama kesho.

Fundi mjanja ana jibu, na jibu lake nalisikiliza kuliko la maji. Anasema: siuzi nishati, nauza nyongeza, kama chumvi kwenye mchuzi, dizeli iungue vizuri. Tatizo ni kwamba mchuzi una chumvi tayari. Injini ya dizeli iliyo nzima inaunguza zaidi ya asilimia 98 ya mafuta yake. Hasara yake kubwa ni joto linalotokea ekzosi na rejeta, na hilo haliokolewi na povu. Moshi mweusi unatisha macho, lakini mafuta yaliyomo ni kidogo, na dawa yake ni nozeli na chujio.

Haidrojeni ya kweli, ya kwenye mitungi, inayochukua nafasi ya sehemu kubwa ya dizeli, ni habari nyingine, na wahandisi wanaifanyia kazi. Hata huko dizeli haiondoki: haidrojeni haijiwashi yenyewe mpaka nyuzi karibu 585, dizeli inajiwasha chini ya nusu ya hapo, kwa hiyo dizeli ndiyo kiberiti. Wanaodai kuiondoa kabisa kwa maji tumeshawaona. Stanley Meyer wa Marekani alikuwa na gari lake la maji, na mwaka 1996 mahakama ya Ohio ikaamua kuwa ni utapeli.

Shemeji anasema ameokoa lita 40 kutoka Mombasa hadi Kampala. Simwiti mwongo. Siku alipofungiwa kifaa, chujio la hewa lilibadilishwa, magurudumu yakajazwa upepo, na tangu hapo anaendesha kama amebeba mayai, akikitazama kioo cha mafuta kila kilima. Hayo matatu yanaokoa dizeli bila hata tone la maji.

Aliniuliza basi akitoe? Nilimwambia kwanza ajaze ile chupa iliyokauka au akizime kabisa leo hii. Kisha safari tatu kikiwa kimezimwa, tatu kikiwaka, mzigo uleule, tenki ijae mpaka shingoni pampu ileile kila mara, aandike lita kwenye daftari. Alikuwa na daftari garini. Akachora safu mbili, ya kwanza akaandika "dizeli", ya pili akaanza "dizeli na maj". Nikamwomba kalamu, nikakata neno la mwisho, nikaandika "gesi ya alteneta".