Soko lilifungwa 1873, mashamba yakapanuka

Watalii wanaofika Mjini Unguja hupelekwa Mkunazini kuoneshwa kanisa kuu la Anglikana, kisha hushushwa kwenye vyumba vya chini vyenye giza na kuambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya kunadiwa. Mimi ni mwanahistoria wa pwani, na nikiulizwa habari za vyumba vile hujibu kwa tahadhari, maana jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari kama hospitali, miaka mingi baada ya soko kufungwa. Soko lenyewe lilikuwa uwanja wa wazi, hadharani, mchana kweupe. Lakini kinachonikera zaidi si umri wa jengo. Mgeni hutoka pale akiamini kwamba utumwa wa pwani yetu ulikuwa jambo la soko, na kwamba Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza tarehe 5 Juni 1873, mambo yakaisha.

Hayakuisha. Kwa maelfu ya watu yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

Tuanzie Kilwa Kivinje, lango kuu la biashara hiyo upande wa bara. Katika miaka mitano iliyoishia 1867, forodha ya Kilwa iliandika watumwa zaidi ya 97,000 waliosafirishwa, na karibu wanne katika kila watano walipelekwa Unguja. Hao ni waliolipiwa ushuru tu. Waliopitishwa kwa magendo hawamo. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa na nchi zilizo kati ya ziwa na pwani: Wanyasa, Wayao, Wamakua, Wangindo. Wengine walitekwa vitani, wengine walirubuniwa njiani, wengine waliwekwa rehani na ndugu zao mwaka wa njaa na wasikombolewe tena. Wazigua waliouzwa katika njaa ya miaka ya 1830 walifikishwa hadi Somalia. Wengi wao walitoroka mashambani wakajificha katika misitu ya mto Juba, na wajukuu zao waliendelea kuzungumza Kizigua huko kwa zaidi ya karne moja na nusu. Vita vya Somalia vya 1991 viliwafukuza, na baadhi yao walirudi Tanga kama wakimbizi wakapewa makazi Chogo, Handeni, karibu na pale wazee wao walipotolewa.

Kwa nini Unguja ilihitaji watu wengi hivyo? Karafuu. Tumba la karafuu lazima lichumwe kabla ua halijafunguka, kwa mkono, tawi kwa tawi, na mikarafuu haingoji mtu. Mavuno yakifika, shamba linataka mikono mingi kwa pamoja. Kisha Aprili 1872 kikapiga kimbunga kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika. Karafuu zikaadimika, bei ikapanda, na kila mwenye uwezo akakimbilia kupanda Pemba. Mkataba wa 1873 ulikuja mwaka mmoja tu baadaye, yaani wakati ule ule ambapo haja ya watumwa ilikuwa inaongezeka.

Na mkataba wenyewe ulisema nini? Ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza katika masoko ya hadharani. Barghash aliukubali baada ya kutishiwa kwamba manowari zingezingira kisiwa. Kummiliki mtumwa hakukuguswa kabisa. Aliyekuwa na watu mia shambani tarehe 4 Juni alikuwa nao wale wale tarehe 6.

Wafanyabiashara hawakuhitaji muda mrefu kujipanga upya. Njia ya bahari ilipozibwa, walishika njia ya nchi kavu: kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, kuvuka Rufiji, kupita nyuma ya Dar es Salaam, hadi Pangani. Hapo wengine walivushwa usiku kwa mashua hadi Pemba, na wengine waliendelea kwa miguu kwenda Mombasa, Malindi na Lamu. Frederic Elton, ofisa wa ubalozi wa Uingereza, alikuwa katika njia hiyo mwishoni mwa 1873, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakipita. Barghash aliipiga marufuku misafara hiyo nayo mwaka 1876, lakini kwa miaka hiyo mitatu wenye mashamba wa bara walipata watu kwa urahisi kuliko zamani. Pale Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Unguja, kuna pango lililochimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambalo husimuliwa kuwa lilitumika kuficha watumwa baada ya marufuku. Kama ningekuwa na mgeni wa siku moja, ningempeleka huko kabla ya Mkunazini.

Malindi ndipo mfano huu unapoonekana vizuri. Mji ulikuwa umekufa. Sultani Majid, aliyemtangulia Barghash, akaufufua mwanzoni mwa miaka ya 1860 kwa kupeleka askari na watumwa wakalime. Katika miaka ishirini ukawa ghala la mtama na ufuta, na majahazi yalibeba nafaka yake hadi Arabuni. Kazi ilipimwa kwa ngwe, kipande cha shamba ambacho kila mtu alipaswa kukimaliza. Juu alikaa msimamizi, chini yake nokoa, mnyapara wake, na chini ya nokoa kadamu, msaidizi wa nokoa. Nokoa na kadamu mara nyingi walikuwa watumwa wenyewe. Siku yake ya mapumziko mtumwa alilima kikonde chake, kijishamba alichoachiwa, na humo ndimo alimopata chakula. Naomba msomaji akikumbuke kikonde hicho.

Waliochoka walitoroka. Watoro wa Mombasa, Takaungu na Malindi walijenga vijiji vyao mbali na pwani, kama Fuladoyo, na wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Wenye watumwa walipotishia kwenda kuwachukua kwa nguvu, kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala Mombasa iliwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru pale Rabai. Fidia ilikwenda kwa bwana. Aliyefanya kazi bila ujira hakupata kitu zaidi ya karatasi.

Mtindo huo ulirudiwa Zanzibar. Amri ya Sultani Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897 haikumwachia huru mtu yeyote moja kwa moja. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, aeleze atakaa wapi na atakula nini. Asiyekuwa na jibu aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Bwana alilipwa. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Haishangazi kwamba wengi hawakwenda, wakabaki kwenye shamba lile lile kwa mapatano ya kufanya kazi siku kadhaa kwa wiki ili waendelee kukaa na kulima. Pwani ya Kenya sheria ilikuja 1907. Tanganyika, Wajerumani walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru, na utumwa wenyewe ukafutwa na Waingereza mwaka 1922.

Sasa turudi kwenye kikonde. Mwaka 1908, mwaka mmoja baada ya utumwa kufutwa pwani ya Kenya, ikaja sheria ya hati za ardhi. Kila anayedai ardhi alete madai yake mbele ya msajili. Wenye mashamba walikuwa na karatasi, mashahidi na wanaojua njia za ofisini. Waliokuwa watumwa, na Wamijikenda wengi pia, hawakudai. Na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Uingereza. Aliyelima kikonde kwa miaka thelathini akaamka siku moja ni skwota, yaani mkaaji asiye na hati ya ardhi anayoikalia, na watoto wake baada yake.

Zanzibar ilichukua njia nyingine: baada ya mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na familia nyingi za wakulima zikagawiwa eka tatu tatu. Watu wana maoni mbalimbali juu ya yaliyotendeka wakati ule, na damu iliyomwagika siwezi kuipunguza. Lakini kwa suala hili la ardhi tofauti ni dhahiri. Upande wa Kenya, serikali baada ya serikali zimeanzisha mipango ya makazi, na bado kutoka Malindi hadi Kwale zipo familia zilizojenga nyumba kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, wakati mwingine mtu wasiyewahi kumwona, wakilipa ijara au wakisubiri barua ya wakili. Kesi hizo zikifika mahakamani, mwaka unaotajwa mara kwa mara ni 1908. Wa 1873 hautajwi.