Je, wajua kwa nini rejeta nene inaweza kulichemsha gari kuliko nyembamba?

Mdogo wangu anaishi Shangani, Mtwara, na ana Toyota Chaser JZX100, ile yenye injini ya 1JZ-GTE: lita 2.5, silinda sita za mstari mmoja, tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), nguvu farasi 280 kwa maelezo ya kiwandani. Gari la mwaka 1997. Tangi la juu la rejeta lilipasuka shingoni, pale mpira mkubwa wa maji unapoingia, akaagiza nyingine kutoka Dar es Salaam. Ililetwa na basi. Alumini tupu, inang'aa kama sufuria mpya, unene karibu mara mbili ya ile ya zamani. Muuzaji alimhakikishia kuwa hiyo ndiyo rejeta ya magari yenye nguvu.

Siku tatu baadaye akanipigia simu. "Kaka, Lindi nimekwenda na kurudi, mshale haujatikisika. Nimeingia mjini, nimekaa nyuma ya malori ya korosho dakika kumi tu, linataka kuchemsha."

Rejeta mpya, kubwa, haijaziba popote, na gari linachemsha likiwa limesimama. Inakuwaje?

Wengi tukisikia neno rejeta tunafikiria maji. Lakini maji ni mbebaji tu. Yanachota joto kwenye injini na kulipeleka mbele ya gari, na pale mbele anayelipokea ni hewa. Hewa isipopita, hata ukiwa na rejeta ya lori, maji yatarudi kwenye injini yakiwa na moto uleule. Na joto lenyewe si dogo: petroli inapoungua, ni robo hadi theluthi hivi ya nishati yake inayokuwa mwendo. Nyingine inatoka na moshi, na sehemu kubwa inabaki kwenye maji ya injini ikisubiri kutolewa.

Tena huku kwetu pwani hewa yenyewe inakuja na joto lake. Rejeta hutoa joto kulingana na tofauti iliyopo kati ya maji na hewa. Chukua maji yenye nyuzi 90. Mtwara mchana wa Desemba hewa ina nyuzi 32, kwa hiyo tofauti ni 58. Gari hilohilo likiwa Makete asubuhi ya nyuzi 12, tofauti ni 78. Yaani rejeta ileile, feni ileile, ikishuka pwani inapoteza kama robo ya uwezo wake. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie "mbona la mwenzangu Iringa halichemshi."

Sasa turudi kwenye unene. Rejeta ni safu za mirija bapa ya maji, na katikati yake kuna mapezi membamba ya bati la alumini lililokunjwa kunjwa. Hewa ikiingia kwa mbele inakutana na mirija ya kwanza na kuchukua joto jingi kwa sababu bado ni ya baridi. Ikifika mirija ya nyuma imeshapata moto, inachukua kidogo. Kwa hiyo kuongeza unene mara mbili hakukupi ubaridi mara mbili. Kinachoongezeka bila shaka ni ugumu wa hewa kupenya. Gari likiwa kasi, upepo wa barabarani unasukuma kwa nguvu na hewa inapita tu. Likisimama, kazi yote ni ya feni, na feni iliyotengenezwa kuvuta hewa kwenye rejeta ya milimita 20 na kitu inaposukumiwa ya 50 inahema.

Na kwa Chaser ya mdogo wangu kulikuwa na kosa jingine juu ya hilo, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoliua gari hasa. JZX100 hutoka kiwandani na feni kubwa inayozungushwa na mkanda, pamoja na kava la plastiki linaloizunguka feni na kufunika mgongo wote wa rejeta. Rejeta nene ilikula ile nafasi. Feni haikuenea, kava halikuenea, vyote vikatolewa, zikafungwa feni mbili nyembamba za umeme katikati, bila kava lolote.

Tulimpelekea fundi rejeta mmoja, mzee, yuko Magomeni ya hapahapa Mtwara. Hakugusa spana. Aliwasha gari, akasubiri feni zishike, akachukua karatasi ya daftari akaibandika mbele ya rejeta, katikati. Ikang'ang'ania. Akaisogeza pembeni kulia. Ikaanguka. Pembeni kushoto, ikaanguka. Pembe za chini, ikaanguka.

"Njomba, rejeta yako yote hii," alimwambia mdogo wangu huku akionyesha kwa kidole duara mbili za katikati, "inayofanya kazi ni hapa na hapa. Kwingine ni pambo."

Hiyo ndiyo kazi ya kava la feni: kuilazimisha hewa ipite kwenye uso mzima wa rejeta, si pale tu pangaboi lilipo. Jaribu na gari lako. Karatasi moja tu, na injini iwe imepata moto ili feni iwe inavuta kweli.

Ndiyo maana kabla hujanunua rejeta jiulize kwanza gari linachemsha wakati gani. Linachemsha likisimama au kwenye foleni na kupoa likikimbia? Tatizo ni hewa: feni, kava, mapezi yaliyolala. Linachemsha kwenye mwendo mkali au mlimani, mjini liko sawa? Hapo maji hayazunguki vya kutosha au mirija imeziba, na rejeta mpya ina maana. Linachemsha popote, linapunguza maji bila kuvuja na linatoa mapovu ukifungua kifuniko asubuhi? Hiyo huenda ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, na rejeta yoyote utakayonunua itakuwa hasara.

Wenye magari ya tabo wana jambo la kuangalia zaidi. JZX100 ya tabo hutoka na intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) yake pembeni, karibu na gurudumu la mbele. Watu wengi huitoa na kufunga kubwa mbele kabisa. Inapendeza, lakini sasa hewa inapita kwanza kwenye intakula, kisha kwenye kondensa, kipozeo cha gesi ya AC, ndipo ifike kwenye rejeta, ikiwa tayari imepashwa moto mara mbili. Na lile bati la plastiki la chini ya bampa, ambalo mafundi hulitoa wakibadilisha oili na kuliacha nyuma ya gereji, lina kazi ya kuielekeza hewa kwenye rejeta badala ya kuiacha ipite chini. Lirudishwe. Mianya ya pembeni kati ya rejeta na mwili wa gari izibwe na sponji.

Vipi kuhusu madini? Shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini, hilo ni kweli. Ila rejeta za zamani za shaba huwa na mirija ya shaba njano, ambayo haipitishi kama shaba tupu, na mapezi yake hushikizwa kwa risasi ya kulehemu, ambayo ni dhaifu zaidi kwa kupitisha joto. Alumini ni nyepesi, mirija yake inaweza kuwa mipana bila kuvimba, na mirija na mapezi huunganishwa kwa alumini yenyewe ndani ya tanuri. Kwa hiyo mwishowe alumini nzuri haipitwi. Sifa kubwa ya shaba ni kwamba fundi wa Masasi au Nachingwea anaweza kuilehemu palepale ukapata kufika nyumbani. Hiyo si sifa ndogo kwa mtu wa huku.

Plastiki ya matangi nayo usiidharau, ila ijue dalili zake. Tangi likiwa jeusi ni zima. Likianza kuwa kahawia kuzunguka shingo, limeungua kwa miaka na litapasuka siku usiyoitaka. Na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, pitisha kidole taratibu juu ya mapezi. Kwenye rejeta moja ya mtumba tuliyoiangalia kabla ya kununua, mapezi ya chini yalidondoka kama majivu ya sigara. Chumvi ilikuwa imeyala yote, na mirija imebaki uchi. Kwa mbele inaonekana rejeta, kumbe imebaki nusu.

Kama gari lako ni otomatiki, angalia chini ya rejeta kama kuna vichuchu viwili vya bomba la mafuta ya gia. Ndani ya tangi kuna kipozeo cha mafuta ya gia boksi. Rejeta ya gari la manyuo haina kitu hicho, na muuzaji atakwambia inaingia. Kuingia itaingia, lakini gia boksi itakufa kwa joto usipofunga kipozeo chake cha pembeni. Na ukikuta mafuta ya gia yamekuwa ya waridi kama maziwa ya stroberi, kipozeo cha ndani kimetoboka na maji yameshaingia kwenye gia boksi. Usiendelee kuendesha.

Kifuniko cha rejeta kina namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hicho ni kipimo cha presha, na presha ndiyo huzuia maji yasichemke kwa nyuzi 100. Kwa 0.9 maji matupu huchemka karibu nyuzi 118, kwa 1.1 karibu 121. Umepata nyuzi tatu tu, na matangi ya plastiki yaliyozeeka yanabeba mzigo zaidi. Weka namba iliyokuja na gari.

Kuhusu thamostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, nitasema kwa mkazo: msiitoe. Kwenye injini hizi ina kisahani kwa chini ambacho, ikifunguka, huziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Umeitoa ili gari lipoe, kumbe umeyanyima maji njia ya kupoa.

Mdogo wangu alinunua rejeta nyingine, unene wa kiwandani, alumini yenye matangi mapya ya plastiki. Mzee aliziba matundu yake kwa mipira, akapuliza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji na kuitazama kimya kwa muda. Hakuna povu lililotoka. Feni ya mkanda na kava lake vikarudi. Akajaza kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa, si ya kisima, kwa sababu maji ya visima vyetu yana chumvi na hugandisha magamba ndani ya mirija. Akaliacha gari likinguruma kifuniko kikiwa wazi, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, mpaka hewa yote ikatoka na maji yakashuka mara mbili akiyaongeza.

Wiki ile alitoka Masasi kupanda Newala mchana, watu wanne na AC ikiwaka. Mshale ulikaa katikati.

Ile rejeta nene hajaiuza. Siku akiweka tabo kubwa na kuanza kulikimbiza gari kwa dakika nyingi mfululizo, joto litakuwa jingi kweli na ataihitaji. Lakini ataifunga na kava lililotengenezwa kwa kipimo chake, na feni zenye nguvu ya kuvuta hewa kwenye unene ule, na karatasi ya daftari ishike pembe zote nne kabla gari halijatoka gereji.