Kipimo cha VVU kwa mume wa mjamzito: kimfuate alipo

Mjamzito akifika kliniki kwa mara ya kwanza hupimwa VVU siku hiyohiyo, pamoja na kaswende, wingi wa damu na presha. Majibu huandikwa kwenye kadi. Yakionyesha hana virusi, mume nyumbani hushusha pumzi: "Basi hata mimi niko salama." Kadi ile inaeleza mwili mmoja tu, tena kwa siku moja. Wako wanandoa wengi ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, miaka nenda miaka rudi, na hakuna dalili itakayowaambia. Ni mpaka wapimwe wote wawili.

Kwa mama aliyekutwa na virusi, Uganda imejipanga vizuri. Tangu 2012 huanzishiwa ARV za maisha bila kusubiri kipimo kingine chochote cha kinga ya mwili, mtoto hupewa dawa ya maji ya nevirapini akizaliwa, na hupimwa kuanzia wiki ya sita. Pasipo hatua yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa na mama zao. Hatua zikifuatwa, hupungua hadi chini ya 5. Ninayemhofia mimi ni yule mama wa pili: alipimwa mimba ikiwa na miezi minne akakutwa salama, akaambukizwa mwezi wa saba, au mtoto akiwa anaendelea kunyonya. Maambukizi yakiwa mapya virusi huwa vingi mno mwilini, dawa hanywi, mtoto naye hajaandaliwa kinga yoyote, na kadi bado inasema hana. Utafiti uliofanywa katika nchi 7 za Afrika kwa wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana na kuchapishwa 2018 ulionyesha kwamba uwezekano wa mwanamke kuambukizwa kwa kila tendo hupanda karibu mara 3 mimba ikikaribia mwisho, na karibu mara 4 katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, ukilinganisha na wakati hana mimba.

Kwa hiyo kumpima mume ni sehemu ya kumkinga mtoto, hata pale ambapo mama hana kitu.

Njia iliyozoeleka ni kumpa mama barua ampelekee bwana. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali ya rufaa ya Mbale kwa wajawazito zaidi ya 1,000: nusu walipewa barua ya mwaliko kwa mume, nusu karatasi ya maelezo ya kawaida. Waliorudi na waume zao walikuwa takriban asilimia 16 kwa wenye barua na asilimia 14 kwa wengine. Tofauti hiyo ni bure kabisa. Lakini kati ya wanaume waliofika, wengi mno walikubali kupimwa. Ukiyasoma matokeo hayo vizuri utaona kwamba kipimo chenyewe si tatizo. Tatizo ni safari ya kukifuata: kliniki ya wajawazito ni ya asubuhi, siku za kazi. Dereva wa lori aliyepanga foleni mpakani Malaba hawezi kuiacha foleni yake, na wa boda boda akikaa benchi mpaka saa saba mchana amekwisha poteza hesabu ya siku. Akifika anakuta wanawake arobaini, hana pa kukaa, hakuna anayempima hata presha, na mara nyingine anapokewa kwa kufokewa: "Ulikuwa wapi siku zote?"

Mtindo wa kuhudumia kwanza waliokuja wawili unasaidia kidogo, ila una madhara. Mahali fulani umegeuka sharti, mama asiye na mume pembeni anarudishwa nyumbani. Wajane, walioachwa na ambao waume wako safarini ndio wanaoumia, na wengine huishia kumkodi mwendesha boda boda awe mume wa saa moja. Anapimwa, anaandikwa kitabuni, na kitabu kinadanganya. Huduma ya mama isifungwe kwa sababu ya mtu ambaye hayupo.

Kinachofanya kazi ni kumpelekea mume kipimo cha kujipima, kile watu wanachokiita kipimo cha mate. Jirani zetu wa Kisumu, Kenya, walikijaribu: wanawake wa kliniki walipewa vipimo vya kwenda navyo nyumbani, na karibu asilimia 91 walisema waume zao walipima, kwa waliopewa mwaliko tu ilikuwa kama asilimia 52. Matokeo hayo yalitoka 2016.

Ila kumkabidhi mama pakiti peke yake hakutoshi. Mhudumu, mwonyeshe kwa vitendo, na yeye akuonyeshe tena kabla hajaondoka. Kwa OraQuick, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi, hatua ni hizi. Anayepima asile, asinywe wala asitafune kitu kwa dakika 15 kabla. Mairungi na tumbaku vimo. Asipige mswaki wala kusukutua kwa dawa ya meno kwa dakika 30. Kichupa kifunguliwe polepole, kisimamishwe kwenye kishikilio chake, na maji yaliyomo yasimwagwe wala kunywewa. Bapa la kijiti lisiguswe kwa vidole. Lipitishwe mara moja kwenye ufizi wa juu, mara moja ufizi wa chini, basi. Si kwenye ulimi wala ndani ya shavu. Kijiti kitumbukizwe kichupani, saa itazamwe, majibu yasomwe kuanzia dakika ya 20 na yasizidi dakika ya 40.

Makosa hujirudia yaleyale. La kwanza ni kusoma asubuhi kipimo kilichofanywa usiku. Mistari inayojitokeza baada ya muda kupita haina maana. La pili ni kusoma kwa mwanga wa kandili: mstari hafifu kwenye T, alama ya majibu, unapotea, na mstari hafifu ni mstari. La tatu ni joto. Pakiti inatakiwa isizidi nyuzi 30, kwa hiyo usiiache kwenye kisanduku cha pikipiki juani au juu ya kabati karibu na bati. Mstari wa C, unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika na kirudiwe kwa pakiti nyingine, hata kama T imejitokeza.

Kosa la nne ndilo gumu kuligundua: mume anayekunywa ARV kwa siri. Dawa zikishatuliza virusi, kipimo cha mate kinaweza kuonyesha hana. Mwelekeze mama aseme mapema, kwa kila mtu na bila kumnyooshea kidole yeyote, kwamba kipimo hiki hakiwafai waliokwisha anza dawa. Swali ambalo halikosi kuulizwa: je, basi mate yanaambukiza? Hapana. Kipimo kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya virusi, zinazotoka kwenye ufizi, hakitafuti virusi.

Maneno ya kuanzia nayo ni muhimu kuliko tunavyodhani. Mama akisema "nakutaka upime," ugomvi umeanza. Akisema "kliniki wanawapa wajawazito wote, wamesema tuangalie pamoja," mzigo unahamia kliniki, kama inavyostahili. Lakini lazima iwe kweli! Mkiwapa pakiti wasio na virusi peke yao, haitachukua wiki mtaa kujua kwamba asiyepewa ndiye anayo. Mpe kila mama nafasi ya kuchagua. Mwenye virusi aongezewe njia nyingine: mhudumu kumpigia mume simu au kumtembelea bila kumtaja mke, au kuzungumza nao wote pamoja mama akiwa tayari.

Kabla ya pakiti, mwulize mama faraghani kama mume amewahi kumpiga, kumtishia au kumlazimisha tendo la ndoa. Jibu likiwa ndiyo, pakiti isiende nyumbani. Panga naye njia nyingine na umuunganishe na msaada. Kumpima mume kwa hila, akiwa usingizini au amelewa, ni mwiko. Sheria ya VVU ya 2014 inamtaja mwenzi wa mjamzito kati ya watu wa kupimwa kwa utaratibu wa kawaida, na wapo wanaoitumia kama fimbo. Naona ni kosa. Ridhaa na siri vinabaki palepale, na aliyeburuzwa leo hutamwona tena kesho.

Kipimo cha mate kikionyesha mistari miwili, mume bado hajathibitishwa kuwa na virusi. Aje kituoni apimwe damu kwa utaratibu kamili. Akithibitishwa, aanze dawa siku hiyo ikiwezekana. Mke asiye na virusi asingojee: kama wamekutana ndani ya saa 72 apewe dawa za dharura za siku 28, kisha PrEP, dawa ya kumkinga asiye na virusi asiambukizwe, ambayo ni salama kwa mjamzito na anayenyonyesha. Kondomu ziendelee mpaka kipimo cha wingi wa virusi kionyeshe vimetulia, jambo linaloweza kuchukua hadi miezi 6. Vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, na dawa zikaendelea kunywewa, havipiti kwa mwenzi kwa njia ya ngono. Mwambie mume habari hiyo siku ya kwanza kabisa. Humpa sababu ya kurudi.

Wakiwa na virusi wote wawili, swali la nani alileta litazuka. Hakuna kipimo cha kituoni kinacholijibu. Mke hujua kwanza kwa sababu kliniki humpima kwanza, na aliyetangulia kujua huenda ndiye aliyeambukizwa mwisho. Lisemwe na mhudumu, mbele ya wote wawili, kabla hawajatoka mlangoni.

Mume asiye na virusi naye asiachwe hivihivi. Pingamizi la kawaida ni "kondomu ya nini na mimba tayari ipo?" Mjibu kwa kumweleza hatari ya miezi hii niliyoitaja juu. Tohara humpunguzia mwanaume uwezekano wa kuambukizwa kwa takriban asilimia 60, kama majaribio ya Rakai hapa Uganda, Kisumu na Afrika Kusini yalivyoonyesha kufikia 2007, lakini aliye na virusi akitahiriwa hamkingi mke wake. Kidonda kinahitaji wiki 6 bila tendo la ndoa, kwa hiyo majuma ya mwanzo baada ya mke kujifungua ni wakati mzuri, maana nyumba nyingi hupumzika hata hivyo. Mwenye safari ndefu au wapenzi wengine, PrEP inamfaa. Jambo hilo liulizwe faraghani, mke asiwepo.

Wanandoa wote wakiwa salama, kumbuka kipimo cha mate kinaweza kukosa maambukizi ya miezi 3 iliyopita. Mke arudie miezi mitatu ya mwisho ya mimba na tena akinyonyesha, na mume apewe pakiti nyingine kila mke anaporudia.

Kuhusu kitabu cha wajawazito, ile safu ya majibu ya mwenzi ijazwe kwa uangalifu. Alichosimulia mama kuhusu kipimo cha nyumbani kiandikwe kuwa ni taarifa yake, pamoja na tarehe. Safu ikiwa tupu, mwulize tena hudhurio lijalo. Mama aliyeogopa kulitaja jambo hili kwa mume mwezi wa tano huwa amepata ujasiri mwezi wa saba.