Taa za Gari Kwenye Mvua na Ukungu: Yanayodhaniwa na Yalivyo

“Ni mchana na njia naiona, taa za nini?” Hoja hii husikika kila mvua inaponyesha, na kosa lake ni kuhesabu macho ya mtu mmoja tu. Dereva aliye mbele yako anakutafuta kupitia kioo kilichojaa matone, na gari la kijivu juu ya lami iliyolowa humezwa na mvua hata likiwa karibu. Mchana taa huwashwa kwanza ili uonekane, ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani humtaka dereva awashe taa kila anapowasha wipa, ilhali Uingereza huzifanya kuwa lazima uwezo wa kuona unapopungua sana, kwa kawaida usipozidi mita 100.

Wenye magari mapya wana imani yao: taa zinajiwasha zenyewe. Kuanzia Februari 2011 Umoja wa Ulaya ulitaka aina mpya za magari madogo ziwe na taa za mchana, zile zinazowaka mara injini inapowashwa, lakini takwa hilo lilihusu taa za mbele pekee. Katika magari mengi za nyuma hubaki zimezimwa, huku dashibodi ikiwaka vizuri na kumfanya dereva aamini kwamba gari zima linaonekana. Taa za otomatiki nazo hutegemea kihisi kinachopima giza, na ukungu mweupe wa saa nne asubuhi si giza, kwa hiyo kihisi huona mchana wa kawaida na kutulia. Dawa yake ni kuzungusha swichi kwa mkono hadi kwenye alama ya dimu, taa za mbele zinazoelekea chini. Mwenye shaka asimame mahali salama, ashuke, akatazame nyuma ya gari lake, wengi hushangaa.

Kosa la ukungu mzito ni kuwasha fulu kwa kudhani kwamba mwanga ukiwa mkali zaidi utapenya zaidi. Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea, na kila tone hurudisha sehemu ya mwanga ulikotoka. Fulu hupiga mbele moja kwa moja, hivyo mwanga mwingi humrudia dereva machoni, naye huona ukuta mweupe ulio mita chache kutoka kwenye boneti. Akirudi kwenye dimu, inayoelekea chini, ukuta ule hushuka na mstari wa barabara hujitokeza. Taa za ukungu za mbele hufungwa chini zaidi, karibu na bampa, na mwanga wake ni mpana wenye ukomo mkali upande wa juu, kwa hiyo humulika kingo za barabara bila kuangaza ukungu ulio mbele ya macho.

Je, rangi ya njano hupenya? Hapana. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, hivyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa.

Taa ya ukungu ya nyuma, katika magari yaliyo nayo, ina ukali unaokaribia wa taa za breki, na hilo ndilo linaloifanya ifae na pia iwe hatari. Ukungu ukipungua, au katika mvua ya kawaida, humtia kiwi anayefuata, naye huchelewa kutambua kwamba umeshika breki. Kwa sababu hiyo nchini Uingereza ni kosa kuiacha ikiwaka hali ikishakuwa nzuri. Tatizo ni kwamba aliyeiwasha haioni. Kinachomkumbusha ni kijitaa cha njano kwenye dashibodi tu.

Kuendesha huku taa za hatari zinamweka ni desturi inayodhaniwa kuwa ustaarabu. Katika magari mengi taa hizo hutumia balbu zilezile za indiketa, kwa hiyo ukitaka kuhama njia hakuna atakayejua, na anayekuja nyuma anaweza kudhani umesimama. Sheria kuhusu hili hutofautiana: jimbo la Florida, Marekani, lilizikataza kwa gari linalotembea hadi 2021, lilipoziruhusu pale tu uwezo wa kuona ni mdogo mno, tena kwenye barabara za mwendo kasi. Katika baadhi ya maeneo ni za gari lililosimama kwa dharura, na hata palipo na ruhusa, dimu lazima iwe tayari imewashwa.