Kukausha shamba linalotuama maji: mtaro huanzia mwisho wake

Kila masika ofisi yetu ya misitu hapa Zanzibar hupokea malalamiko yale yale: mtu amechimba mtaro kukausha sehemu ya wazi kati ya mikarafuu yake, na maji yamehamia kwa jirani. Chanzo chake mara nyingi ni kuanza kuchimba katikati ya dimbwi. Anzia mwisho wa mtaro, maji yatakapotokea, kisha chimba ukipanda juu.

Kabla ya hapo, siku mbili baada ya mvua, chimba vishimo vitatu vya kina cha sentimita 60. Maji yakiwa juu na udongo wa chini mkavu, tatizo ni tabaka gumu lililoshindiliwa na ng'ombe au magari. Lisubiri likauke, ulipasue kwa sururu mpaka sentimita 40, nje ya kivuli cha miti. Maji yakipanda kutoka chini ya shimo, kupasua hakusaidii kitu; hapo ndipo mtaro unapohitajika.

Mteremko usipimwe kwa macho. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ujaze maji (husimama usawa mmoja kwenye ncha zote mbili), piga vigingi kila mita 10, pima. Sentimita 5 kwa kila mita 10 zinatosha vizuri. Chini ya 2, majani na matope yatalala humo. Ukikosa hata hizo 2, acha mtaro: inua matuta ya sentimita 30 hadi 40, kisha panda miche juu yake.

Kwenye kinamo (udongo wa mfinyanzi), mtaro wa kina cha sentimita 50 uwe na upana wa 30 chini na 130 juu. Penye mchanga ulaze kuta zaidi, juu ufike mita 2. Kuta za wima huporomoka mapema. Udongo uliotoka usambazwe mbali; ukirundikwa ukingoni unazuia maji yale yale unayotaka yaingie. Mabomba yenye matundu hayafai kati ya miti, kwani mizizi huyajaza.

Kumwaga kifusi si kukausha. Maji hubaki chini yake, na mkarafuu uliofukiwa shina hukosa hewa mizizini. Hili tumelisema mara nyingi.

Kuhusu taratibu: nenda kwa sheha (kiongozi wa serikali wa shehia yako), kisha ofisi ya misitu ya wilaya, na mchoro wa mkono unaoonyesha njia ya mtaro, miti itakayoguswa na mahali maji yatakapotokea. Jirani atakayeyapokea akubali mbele ya sheha. Kukata mti bila kibali ni kosa chini ya Sheria Nam. 10 ya 1996, hata ukiwa katikati ya njia ya mtaro, na adhabu ni faini au kifungo. "Eka ni yangu" si hoja: ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, wewe una haki ya kuitumia. Kwa Jozani na Ngezi msilete ombi kabisa. Misitu ile inaishi kwa unyevu huo.

Wa Pemba wanaoelekeza maji kwenye vijito vya bahari wasubiri bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), watie alama maji makuu yanapofika, na mdomo wa mtaro uwe juu ya alama hiyo. Ukiwa chini, bahari itapanda mtaroni na chumvi itafika kwenye mizizi. Kwa kila mtaro, majani yaliyoanguka ndani yazolewe kabla ya masika na kabla ya vuli.