Ukiumwa na Mbwa, Anza na Sabuni

Kila inapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sisi wa idara ya afya na wenzetu wa mifugo hujiandaa kuchanja mbwa mitaani na vijijini. Safari hii tumeona tuanze na watu, kwa sababu sanduku la maoni hospitalini limejaa malalamiko ya aina moja: nimeumwa na mbwa, nimefika na kidonda kiko wazi, nesi amekataa kunishona. Wengine wanadai alikuwa anatafuta chochote. Tunaomba tufafanue.

Jeraha la mbwa huachwa wazi kwa makusudi. Virusi vya kichaa vimo kwenye mate ya mnyama, na sindano ya kushonea inaweza kuvisukuma ndani zaidi, karibu na mishipa ya fahamu. Likilazimu kushonwa, mathalani la usoni, daktari huanza kwa kuchoma seramu, yaani kingamwili zilizo tayari za kupambana na virusi, ndani na pembezoni mwa jeraha lenyewe, husubiri saa kadhaa, ndipo anapotia nyuzi chache zisizobana. Kwa hiyo muuguzi alifuata mwongozo. Alichopaswa kuongeza ni maelezo, na hilo tumekumbushana.

Lakini huduma ya kwanza yenyewe si yetu, ni yako uliye nyumbani. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Tunasema 15 kwa saa ya ukutani au ya simu, maana wengi wakiulizwa hujibu "nimeosha" wakimaanisha wamemwagia kikombe kimoja. Sabuni ya mche inafaa, ya unga inafaa, ya kuogea inafaa. Kinachotakiwa ni povu, kwa kuwa sabuni huharibu utando wa mafuta unaovifunika virusi hivi. Kama hakuna bomba, mmoja achote kwa kopo na kumwaga taratibu, mwingine afungue kingo za jeraha kwa vidole vilivyooshwa, ikiwezekana akiwa na glavu, ili maji yaingie hadi kwenye tundu la jino. Ndoo moja ya lita 20 huisha upesi, andaa na ya pili. Ukimaliza, paka spiriti au ayodini kama ipo, funika kwa kitambaa safi bila kukaza, uje. Damu ikiwa inaruka, kandamiza kwanza ikatike na ukimbizwe hospitali, kuosha kutafuata.

Pilipili, majivu, mafuta ya taa, tumbaku iliyotafunwa: hapana. Tumeshasema sana. Mtoto analia kwa pilipili kuliko alivyolilia meno ya mbwa, kisha sisi tunaanza kuitoa punje kwa punje.

Mkwaruzo usiotoa damu nao unahitaji chanjo. Kulambwa kwenye kidonda au mdomoni huhesabiwa sawa na kung'atwa hadi damu, yaani chanjo pamoja na seramu. Na si mbwa pekee. Paka, fisi na mbweha wamo. Ujauzito hauzuii chanjo, wala uchanga wa mtoto. Zile sindano za kuzunguka kitovu ambazo bado watu wanatishana nazo zilikuwa za chanjo ya zamani. Siku hizi mtu mzima huchomwa begani na mtoto mdogo pajani.

Ratiba ndiyo inayotuchosha. Kituoni kwetu tunachoma siku ya 0, 3, 7, 14 na 28, na siku ya 0 ni ile ya sindano ya kwanza, si siku uliyoumwa. Ukianza Jumatatu tarehe 1, utarudi tarehe 4, 8, 15 na 29. Vituo vinavyochoma ndani ya ngozi vina ratiba yao, hivyo ukihamia mkoa mwingine katikati ya dozi nenda na kadi. Ukipitisha tarehe, njoo hata hivyo. Aliyewahi kukamilisha chanjo hii atupe taarifa, maana huchomwa siku ya 0 na ya 3 tu, bila seramu.

Wapo wanaosubiri waone. Kwa kawaida dalili hutokea mwezi 1 hadi 3 baada ya kuumwa, wakati mwingine mapema au baadaye sana, na mgonjwa akishaanza kuogopa maji hatuna dawa ya kumrudisha.

Sasa mwenye mbwa. Watu hupoteza siku nzima kwa mwenyekiti wa mtaa wakibishana nani atalipia sindano, huku jeraha halijaguswa na maji. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamgusa anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya mnyama wake, na kosa hilo lina kifungo kisichozidi miaka 2, faini, au vyote viwili. Haki yako ya kumshtaki haipotei kwa wewe kuanzia hospitali. Naye mwenye mbwa asije kutuambia mbwa wake ni mpole. Hatuulizi tabia, tunauliza kadi ya chanjo, na hata ikiwepo, uamuzi wa kumchoma au kutomchoma majeruhi ni wa mtoa huduma.

Mbwa au paka aliyeuma, kama anafahamika na ni mzima, afungiwe aangaliwe kwa siku 10. Wewe anza sindano huku akiangaliwa. Msimpige mawe ya kichwa. Akifa, ubongo ndio unaopimwa, kwa hiyo mpigieni afisa mifugo wa kata kabla hajafukiwa, na asishikwe kwa mikono mitupu.

Siku ya kuchanja mbwa, watoto wa mbwa nao waletwe, hata wale ambao hawajafikisha miezi mitatu. Kila mbwa aje na kamba yake na mtu mzima wa kumshika. Mwaka jana tuliona watoto wa shule wakikokota mbwa watatu kwa kamba moja ya katani, na foleni ikageuka uwanja wa mapigano. Wa namna hiyo tutawarudisha nyumbani.